Kwa nini jokofu la umeme lisaidiwe na jokofu la moto?

Je, wajua kwamba mtambo dhaifu wa baridi unaweza kumpunguzia kazi mwenzake mwenye ufanisi mara nne zaidi? Mimi nilipoulizwa nilikataa.

Jokofu la umeme lenye kompresa, yaani pampu ya kubana gesi, hutoa takriban vipimo 3 vya baridi kwa kipimo 1 cha umeme. Mtambo wa ufyonzaji, yaani jokofu la moto, hauna kompresa: joto huitoa gesi ya amonia kutoka kwenye maji, nayo ikishapoa, kuwa kimiminika na kuvukizwa, hufyonzwa tena na maji. Ndiyo kanuni ya majokofu ya chanjo ya mafuta ya taa yaliyotumika kwa miaka mingi katika zahanati za vijijini, ambayo utambi ukitoa masizi badala ya mwali wa buluu, baridi hupungua. Mitambo mikubwa ya ufyonzaji hutoa takriban vipimo 0.7 tu vya baridi kwa kipimo 1 cha joto.

Nilidhani kuiunganisha ni kutia maji kwenye maziwa. Kosa langu lilikuwa kulinganisha visivyolingana, kwa kuwa umeme hununuliwa, ilhali joto laweza kuwa lile linalotupwa. Jenereta za dizeli, zilizouangazia mji wa Kigoma kwa miaka mingi, hupoteza takriban nusu ya nishati ya mafuta kupitia bomba la moshi na maji ya kupoozea injini.

Hata hivyo, joto la bure ni nusu tu ya jibu. Kompresa ni mchukuzi anayepandisha tenga la samaki wa migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hadi mtaa wa Mwanga ulio juu, na ujira wake hufuata urefu wa mlima. Chumba cha samaki kikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na joto likitupwa kwenye nyuzi 40, mlima ni wa nyuzi 60. Mtambo wa ufyonzaji ukilipokea joto hilo njiani, kwenye nyuzi 15, kompresa hupanda nyuzi 35 pekee. Kinadharia, umeme wake hupungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mchukuzi wa pili, yaani mtambo wa ufyonzaji, ni mzito kweli, lakini anakula makombo.

Huyo naye hutoka jasho jingi: kwa kila kipimo anachopokea hutupa takriban 2.4, hivyo huhitaji mnara mkubwa wa kupoozea au maji mengi ya ziwa. Aidha, tathmini nyingi ni hesabu za kompyuta zinazochukulia kwamba joto halikatiki, jambo ambalo jenereta inayozimwa usiku hailiheshimu. Na mafuta yakichomwa makusudi ili kumlisha mchukuzi wa pili, jibu langu la zamani hukaribia kuwa sahihi.