Border Collie Mjini Lubumbashi: Utulivu Kwanza, Viunzi Baadaye

Watu wanaoniletea watoto wa mbwa wa aina ya Border Collie ili niwaandae kwa michezo ya mbwa hutarajia kuona viunzi siku ya kwanza. Wanachokikuta ni kipande cha zulia kilichotandikwa chini ya mwembe, na mbwa mkubwa amelala juu yake huku wenzake wakikimbia mbele ya macho yake. Zulia hilo ndilo somo langu la mwanzo, na naandika makala hii kueleza kwa nini, maana katika mji huu tumezoea mbwa wa kulinda lupango (ua wa nyumba), kama Mchungaji wa Kijerumani na Malinois, na mwenye kumlea Border Collie kwa mazoea hayo hujipatia mnyama mwenye wahaka, asiyelala wala kulaza watu.

Mbwa wa ulinzi hufugwa ili azuie. Border Collie alizalishwa ili akione kitu kinachosogea, akizunguke kwa mbali, kisha akilete kwa mchungaji pasipo kukiuma. Asili yake ni nchi ya vilima iliyo mpakani mwa Uingereza na Scotland. Mwaka 1873 mashindano ya mbwa wachungaji yalifanyika Bala, huko Wales, na mwaka 1893 mfugaji wa Northumberland aitwaye Adam Telfer alizalisha dume aliyepewa jina la Old Hemp, mbwa mkimya aliyewasogeza kondoo kwa kuwakazia macho badala ya kuwabwekea. Wafugaji wengi walimtaka dume huyo kwa majike wao, na damu yake imeenea karibu katika ukoo mzima wa Border Collie wa leo. Chama cha International Sheep Dog Society, kilichoanzishwa mwaka 1906, kilitunza daftari za nasaba, na kwa miongo mingi mbwa hawa walichaguliwa kwa kazi yao, sura ikawa jambo la baadaye.

Urithi huo unaonekana hata kwa mtoto wa miezi mitatu: kichwa kinashuka, shingo inanyooka, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani, na macho hayapepesi. Lubumbashi hakuna kondoo ndani ya lupango, lakini kuna kuku wa jirani, kuna pikipiki, kuna baiskeli zinazoingia mjini alfajiri zikiwa na magunia ya makaa, na kuna watoto wanaocheza mpira barabarani. Mbwa asiyefundishwa kutulia atavichunga hivyo vyote. Shida ni kwamba kuchunga kwenyewe ndiyo malipo yake: hahitaji nyama wala sifa, na kila pikipiki inayopita na kutokomea humthibitishia kwamba amefanya kazi yake vizuri. Baada ya miezi michache tabia hiyo huwa imeota mizizi, na kuing'oa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha vikwazo vyote vya uwanjani.

Wengine hunikumbusha jinsi mbwa hawa walivyo na akili, na hunitajia habari za Chaser, jike wa Marekani ambaye profesa John Pilley alimfundisha majina ya vitu 1,022 na kuchapisha matokeo hayo mwaka 2011. Habari hizo ni za kweli, nami nazienzi. Lakini akili hiyohiyo hujifunza mabaya kwa kasi ileile, na mwenye mbwa akichelewa kupanga somo, mbwa atajipangia.

Kwa hiyo naanza na zulia. Namwomba mwenye mbwa aketi kwenye kigoda, mtoto wa mbwa akiwa kwenye kamba fupi iliyolegea, na mkononi awe na vipande vya maini yaliyochemshwa, vidogo kama punje ya mahindi. Hatumwamrishi mbwa chochote. Akikanyaga zulia, kipande kinawekwa juu ya zulia, katikati ya miguu ya mbele, kamwe hakipelekwi mdomoni. Mbwa hujifunza kuwa mema yanatokea chini, na kichwa chake kinafuata. Akilala, anapata kingine. Hapo wengi hudhani somo limekwisha, kumbe ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu Border Collie anaweza kulala huku mwili wote ukiwa umejikaza kama upinde uliovutwa. Nawafundisha watu kutazama nyonga. Mbwa anayevizia hulala sawasawa, viwiko na magoti vikiwa tayari kuinuka; mbwa anayetulia huangusha nyonga upande mmoja, nyayo za nyuma zikaonekana, na baadaye kidevu kikagusa zulia. Wakati nyonga inapoanguka ndipo malipo yanapaswa kuwa makubwa na ya polepole, kipande baada ya kipande, bila kelele za pongezi zitakazomwamsha tena.

Baada ya hapo tunaleta mwendo, kidogo kidogo. Kwanza sentineli, yaani mlinzi wa nyumba, anafungua na kufunga geti. Kisha mtu anapita na baiskeli mwisho wa uwanja, halafu karibu zaidi, halafu mpira unaviringishwa. Mbwa akikaza macho kwenye kitu kinachosogea, umbali unaongezwa mpaka aweze tena kupumua na kula. Asipokula maini anayoyapenda, usibishane naye. Mwili wake umekwisha kusema kwamba yuko karibu mno. Neno la kumwachia nalo ni muhimu. Mimi hutumia «haya», na pasipo neno hilo mbwa habanduki kwenye zulia. Mama mmoja wa mtaa wa Bel-Air aliniuliza, «Papa, sasa tutamfundisha kukimbia lini?» Nikamjibu kwamba kukimbia amezaliwa nako, mama, kulala katikati ya vurugu ndicho kitu ambacho hajaletewa na damu yake.

Jambo hili lina dirisha la wakati. Kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14 ya maisha, ubongo wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi ambao haurudi tena. Bahati mbaya kipindi hicho ndicho pia cha hatari ya virusi vya parvo, na barabara zetu zina mbwa wengi wasiochanjwa. Kumfungia mtoto ndani mpaka chanjo zikamilike, karibu wiki ya 16, ni kumpoteza kwa njia nyingine. Mbebe. Keti naye mapajani ndani ya gari karibu na soko la Kenya hapa mjini, asikie wauzaji, honi na jenereta. Mpitishe mikononi mwa wazee, watoto, watu wenye kofia na watu wenye mwavuli. Mlaze chini ya paa la mabati mvua inapoanza kupiga. Miguu yake isiguse ardhi ya watu wote, lakini macho na masikio yaende kila mahali. Na kichaa cha mbwa kisisahauliwe: chanjo yake hutolewa mtoto anapofikisha miezi mitatu, na mji wenye Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika chuo kikuu chake hauna sababu ya kukosa wa kuulizwa.

Nikija kwenye mwili, hapo siruhusu majadiliano. Mifupa ya mbwa anayekua ina sehemu za gegedu karibu na ncha zake, ambazo ndizo zinazorefuka, na kwa mbwa wa ukubwa huu hufunga kwa kawaida karibu na mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kuruka kwingi, kutua kwa kishindo na kugeuka ghafla kabla ya wakati huo kunaweza kuharibu kiungo kwa maisha yote. Shirikisho la kimataifa la wenye mbwa, FCI, lenye makao yake Thuin nchini Ubelgiji, halimpokei mbwa katika mashindano ya ajiliti, yaani mbio za kupita vikwazo, kabla ya miezi 18, na kanuni hiyo naikubali kwa moyo wote. Kabla ya hapo tunafanya kazi ya kumfahamisha mbwa mwili wake. Lubumbashi ina neema ambayo sijaiona ikitajwa katika vitabu vya Ulaya: vichuguu. Kichuguu cha zamani kilichosagika pembezoni, chenye mteremko wa taratibu na udongo mgumu, hufaa sana kumtembeza mtoto wa mbwa akipanda, akikata kando na kushuka polepole kwa kamba, hadi ajue kwamba miguu ya nyuma nayo ni yake. Tunaongeza ubao uliolala chini, ngazi iliyolazwa atakayopita katikati ya vipago vyake, na sinia lililopinduliwa la kuzunguka kwa miguu ya nyuma. Chakula nacho kiendane na kazi. Bukari (ugali) na dagaa wachache humshibisha sentineli wa usiku, lakini hakimjengi mwanamichezo. Anahitaji nyama, mayai au samaki wa kutosha kila siku.

Mchezo wenyewe, ajiliti, ni kijana ukilinganisha na mbwa. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, ukiwa burudani ya kujaza muda kati ya mashindano mengine, na wazo la viunzi lilichukuliwa kutoka mchezo wa farasi. Mashindano ya dunia ya FCI yameanza mwaka 1996. Kati ya vikwazo vyote, viwili ndivyo vinavyotenganisha mbwa aliyefundwa na mbwa aliyekimbizwa tu.

Cha kwanza ni kile cha mbao mbili zilizoegemeana mfano wa paa la nyumba, kilele chake mita 1.70. Sentimita 106 za chini kila upande zimepakwa rangi nyingine, na mbwa lazima aguse sehemu hiyo, la sivyo anahesabiwa kosa. Lengo ni kumzuia asiruke kutoka juu na kuumia. Tunaanza na ncha ya ubao iliyoinuliwa kidogo tu: miguu ya mbele chini, ya nyuma kwenye ubao, na mbwa asubiri. Hapa ndipo zulia linaporudisha gharama yake, kwani mbwa aliyezoea kulipwa kwa kutulia husimama pale akitetemeka kwa hamu, lakini husimama.

Cha pili ni zile nguzo 12 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo, ambazo mbwa hupita akijipinda kulia na kushoto, akiingia huku nguzo ya kwanza ikiwa kushoto kwake. Nguzo zangu ni mabomba ya maji ya plastiki yaliyovishwa juu ya vipande vya nondo vilivyopigwa ardhini. Huanza kwa kupanga nguzo safu mbili zenye njia pana katikati, mbwa akimbie moja kwa moja hadi kwenye kichezeo chake. Kisha safu zinasogezwa, kwa upana wa vidole viwili hivi kila zinaposogezwa, mpaka mwili wa mbwa wenyewe ulazimike kujipinda bila mtu kumshika wala kumvuta. Nguzo 4 au 6 zinatosha kwa miezi ya mwanzo, na hatuzigusi kwa bidii kabla uti wa mgongo haujakomaa. Haraka hapa huleta mbwa anayeiacha nguzo ya 10 kila siku, maana ndipo subira ya mwendeshaji ilipokuwa ikiishia.

Hali ya hewa yetu inadai heshima. Katika kiangazi, Juni na Julai, asubuhi huwa baridi, ardhi ngumu, na ndiyo miezi bora ya mazoezi, mradi mbwa apashwe joto misuli kabla. Oktoba, kabla mvua hazijashika, jua huwa kali, nami sifundishi baada ya saa mbili asubuhi. Border Collie wengine wana maradhi ya kuishiwa nguvu yanayotokea baada ya dakika 5 hadi 15 za kazi kali, hasa kwenye joto: anayumba, anaburuta miguu ya nyuma, anatazama kama hatambui mtu. Mbwa huyo asimamishwe mara moja, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, na asirudishwe uwanjani siku hiyo. Hatajisimamisha mwenyewe, mbwa hawa hufanya kazi hadi waanguke, na jukumu la kusema «tosha» ni la binadamu.

Kabla ya kununua, dai majibu ya vipimo vya DNA vya wazazi wote wawili. Ugonjwa wa macho wa mbwa wa ukoo wa Collie, na ule unaozuia chembe nyeupe za damu kutoka kwenye uboho, hurithiwa pale wazazi wote wawili wanapobeba kasoro; wazazi wanaweza kuonekana wazima kabisa na bado takriban robo ya watoto wakawa wagonjwa. Kuna pia kasoro ya jeni iitwayo MDR1, ambayo ni nadra kwa Border Collie kuliko kwa Collie wenye manyoya marefu, lakini mwenye nayo anaweza kudhuriwa vibaya na ivermektini. Dawa hiyo ya mifugo inapatikana kwa urahisi, na watu humchoma mbwa kwa kukadiria kiasi cha ng'ombe ili kuua kupe. Usikubali. Mwite daktari wa mifugo, apime uzito wa mbwa, achague dawa.

Limebaki swali la nani amchukue mbwa huyu. Wakazi wengi wa hapa hufanya kazi migodini Kolwezi na kurudi mwisho wa wiki. Mbwa akiachwa na sentineli siku tano, sentineli ndiye atakayekuwa mwendeshaji wake, na kwa haki kabisa. Basi sentineli huyo naye aje mazoezini, afundishwe na alipwe kwa kazi hiyo. Nimewaona walinzi wakisoma nyonga ya mbwa upesi kuliko wenye mbwa. Kwa yeyote anayefikiria kununua, pendekezo langu ni kwamba afike kwanza bila mbwa, asubuhi moja ya kiangazi, akae nasi tangu mbwa wa kwanza anapolazwa kwenye zulia hadi wa mwisho anapokunywa maji, ndipo aniulize bei.