Kupunguza picha si kuchora pikseli

Imerudi tena ile hoja kuhusu RPG (michezo ya video ya kuongoza shujaa kwenye safari na mapigano) zinazochorwa kwa pikseli, yaani vidoti vya mraba vinavyounda picha: "RPG za pikseli ni za watu wasiojua kuchora. Chukua picha nzuri, ipunguze mpaka ionekane ya kizamani, kazi imeisha." Haya, tuipunguze basi.

Mhusika ana pikseli 512 kwenda juu. Mshushe hadi 32. Ukitumia upunguzaji laini, programu inachanganya rangi za jirani na kila ukingo unavaa ukungu wa rangi ambazo hukuzichagua. Ukitumia ule mkali, unaobakiza pikseli moja katika kila 16 za mstari, mdomo wenye unene wa pikseli 6 unaweza kupotea wote. Jicho moja limebaki, la pili halijulikani liliko. Utakaa kurekebisha kwa mkono, yaani utachora upya, safari hii kwa hasira.

Mhusika wa 16 kwa 24 ana pikseli 384 tu, na utamu uko hapo hapo. Jicho ni pikseli moja. Lisogeze pembeni, anakutazama kwa wasiwasi. Lishushe, amekuwa mtoto. Yaliyobaki ya uso mchezaji anajijazia mwenyewe, ndiyo maana kikaragosi kisicho na mdomo kinaweza kufa na mtu akalia. Shida nayo inaanzia hapo. Ili apumue, unashusha kichwa pikseli moja. Kwa mtu wa sentimita 170, hizo ni sentimita 7! Anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Dawa ni kuliacha umbo lilipo na kubadili rangi za ukingo wa bega kwa kivuli cha kati. Jicho litaona nusu hatua.

Tuje kwenye huo "urahisi". Pande 4, fremu (picha za hatua) 4 za kutembea kila upande: picha 16. Ukigeuza kushoto ili upate kulia zinabaki 12 za kuchora, ila upanga wa mkono wa kulia umehamia wa kushoto. Mavazi 5 yanayoonekana mwilini: 60, na bado hajapiga wala kuanguka. Ukiona silaha mpya imeongeza namba za nguvu tu na shujaa yuko na nguo zile zile, usimwite mchoraji mvivu. Piga hesabu.

Skrini, kwa haraka. 320 × 180 inaingia mara 6 kamili kwenye 1920 × 1080. Ukichora kwa 320 × 240 na kuijaza skrini hiyo toka juu hadi chini, ni mara 4.5: pikseli nyingine zinapata 4, nyingine 5, na ramani ikisogea inachezacheza kama maji. Spraiti, yaani picha ya mhusika au kitu kinachosogea, usiizungushe nyuzi 30. Pikseli nene na nyembamba usizichanganye kwenye picha moja.

Kama kinachokuchosha ni mapigano ya kushtukiza kila hatua chache, au kutembea dakika 20 ukitafuta pa kusevu, una haki kabisa. Lakini hizo ni kanuni za mchezo, pikseli hazihusiki.

Ninapoyumba mimi ni kwenye kichujio cha TV ya kizamani, kile kinachoifanya skrini ya leo iige mwonekano wa televisheni ya zamani. Televisheni za enzi za Super Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya miaka ya 1990, zilitia ukungu kidogo, na madoa ya rangi mbili yaliyopangwa kama ubao wa drafti yaliyeyuka yakawa rangi ya tatu. Kwenye skrini ya leo, madoa ni madoa. Nikiwasha kichujio, msitu unapendeza na maandishi yanaumiza macho. Nakizima, nasoma mazungumzo, nakiwasha tena.