Tangu lini hadi lini? Dhana potofu kuhusu kukokotoa vipindi vya tarehe kwa kila kundi

Chukua daftari la mahudhurio la zahanati lililoingizwa kwenye kompyuta: kila hudhurio na mstari wake, namba ya mgonjwa upande huu, tarehe upande ule. Mkuu wako anataka kujua kila mgonjwa alianza lini na alionekana mara ya mwisho lini. Kazi ya dakika mbili, utadhani.

Dhana: Kikionekana kama tarehe, basi ni tarehe.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Excel huhifadhi tarehe kama namba ya siku, ikianzia 1 Januari 1900. Kile unachokiona kwenye seli ni vazi tu. Sasa tuseme mgonjwa 017 alikuja 03/04/2023, 28/04/2023 na 11/06/2023, nawe umeandika siku kwanza kama tulivyozoea, lakini kompyuta imewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe ya kwanza itageuka kuwa 4 Machi na ya tatu 6 Novemba. Ya katikati, kwa kuwa hakuna mwezi wa 28, itabaki maandishi matupu, na fomula za MINIFS na MAXIFS, zinazotafuta tarehe ya mapema na ya mwisho ya kila mgonjwa, zitairuka bila kusema neno. Kipindi cha siku 69 kimekuwa siku 247, na hakuna onyo lolote lililotokea.

Dalili ipo: kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe halisi hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu moja ina mchanganyiko, usirekebishe zile za kushoto peke yake. Zilizokaa kulia ndizo za kuogopwa zaidi, maana zimekwisha kugeuzwa. Rudi kwenye daftari, kisha andika mwaka kwanza: 2023-04-03.

Dhana: Lazima upange data kwanza.

Si lazima. Kutafuta tarehe ndogo na kubwa ya kila kundi (hapa kundi ni mistari yote ya mgonjwa mmoja) hakujali mpangilio. Kupanga kunahitajika pale tu unapochukua mstari wa kwanza na wa mwisho wa kundi, na hapo Stata, programu ya takwimu, ina mtego wake: tarehe isiyojazwa huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo hukaa mkiani. Ukichukua mstari wa mwisho, unaondoka na pengo. Amri ya Stata iitwayo egen, ikitumiwa na max kutafuta kubwa ya kundi, haina shida hiyo. Hutazama zilizojazwa tu.

Excel nayo, ikikosa tarehe hata moja ya mgonjwa husika, hurudisha sifuri, na sifuri ikivikwa vazi la tarehe husomeka 00/01/1900. Nimeshaona ripoti zilizochapishwa na tarehe hiyo ndani.

Dhana: Ukitoa tarehe kwa tarehe unapata siku.

Katika Excel na Stata, ndiyo. SPSS, programu nyingine ya takwimu, huhesabu sekunde tangu 14 Oktoba 1582, mkesha wa kalenda ya Gregori tunayotumia leo, kwa hiyo siku zetu 69 zitatoka kama 5,961,600. Gawanya kwa 86,400. Stata huanzia 1 Januari 1960, na mzee aliyezaliwa kabla ya hapo atapata namba hasi. Iache ilivyo, si kosa.

Dhana: Mwisho kutoa mwanzo ndio muda wa huduma.

Mama aliyelazwa 2 hadi 6 Mei, akarudi 20 hadi 23 Mei, ana tofauti ya siku 21 kati ya mwanzo na mwisho, lakini amelala wodini usiku 7 tu. Kama mkuu anauliza matumizi ya vitanda, kokotoa kila kulazwa peke yake ndipo ujumlishe. Aliyehudhuria mara moja tu naye atapata sifuri, ingawa siku hiyo alikuwepo; ukihesabu siku zote mbili za pembeni, ongeza moja, na uiongeze kwa wagonjwa wote.