Je, Jimmy Carter Alifeli? Kwa Nini Jibu Hubadilika Kila Baada ya Miaka

Novemba 1980 Wamarekani walimtoa Jimmy Carter madarakani kwa kishindo. Katika kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humpata rais, Ronald Reagan alizoa 489 na Carter akaambulia 49. Majimbo sita tu na mji mkuu, Washington, ndiyo yaliyobaki upande wake. Ukiishia hapo, hesabu ni nyepesi: alifeli, akaondoka. Lakini alipofariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, wanahistoria wengi walikuwa wameshaanza kuupima upya muhula ule, na baadhi ya mambo yaliyomponza ndiyo waliyokuwa wakiyasifu.

Imekuwaje? Muhula wa rais wa Marekani ni miaka minne, ila maamuzi makubwa hayaivi kwa ratiba hiyo. Mengi ya Carter yalimtoza gharama akiwa bado ofisini, na faida yake wakaja kuivuna wengine. Hilo halimsafishi. Yapo makosa yake ambayo hadi leo hayana mtetezi.

Tuanze na bei, maana ndizo zilizomwangusha. Carter, mkulima wa karanga kutoka Plains na gavana wa zamani wa Georgia, aliapishwa Januari 1977 akakuta mfumuko wa bei wa karibu asilimia 6. Mwaka 1980 wastani ulifika asilimia 13.5. Katikati hapo yalitokea mapinduzi ya Iran, mafuta yakaadimika, bei yake ikapanda zaidi ya maradufu, na Wamarekani waliozoea kujaza tangi bila kufikiri wakajikuta kwenye foleni tangu alfajiri. Rais yeyote angeumia. Ila Carter alichangia kujiumiza: mwaka 1978 aliikabidhi Benki Kuu kwa G. William Miller, mtu wa viwanda ambaye hakuwa tayari kupandisha riba kwa kiwango kilichotakiwa. Zaidi ya mwaka ukapotea.

Julai 1979 alihutubia taifa kwenye televisheni, akawaambia Wamarekani kwamba wamepoteza imani na kesho yao na wanaabudu mno kununua vitu. Watu husimulia kwamba hotuba hiyo ndiyo iliyommaliza. Si kweli: mwanzoni walio wengi waliipenda, na umaarufu wake ukapanda. Kilichomharibia ni alichofanya siku mbili baadaye, alipolitaka baraza lake zima la mawaziri litoe barua za kujiuzulu, kisha watano wakaondoka. Nchi ikaona serikali inayosambaratika.

Agosti mwaka huohuo akamweka Paul Volcker kwenye Benki Kuu, jitu refu la kuvuta sigara nene, huku mtu wake wa karibu akimwonya kwamba anaweka rehani uchaguzi ujao. Volcker alibana fedha bila huruma. Kufikia mwisho wa 1980 riba za benki zilikuwa zimevuka asilimia 20. Nyumba au gari la mkopo havikushikika, viwanda vikapunguza watu, na uchumi ukadorora katika mwaka uleule wa kura. Kisha dawa ikafanya kazi: mwaka 1983 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 3. Kwa bahati mbaya ya Carter, aliyekuwa ofisini wakati huo ni Reagan, ambaye mwaka uliofuata alishinda majimbo 49 kati ya 50. Reagan anastahili sifa yake, kwa sababu alimwacha Volcker aendelee hata ilipouma. Lakini aliyemteua alikuwa Carter, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora alioufanya ndani ya nchi yake.

Takwimu nazo huweza kudanganya. Mwezi alioingia, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 7.5. Mwezi alioondoka ulikuwa asilimia 7.5 vilevile. Anayesoma tarakimu hizo mbili peke yake atasema miaka minne ilipita bure, wakati kati yake ziliongezeka ajira kama milioni 10.

Nje ya nchi, jambo ambalo hata wapinzani wake humwachia ni Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani. Septemba 1978 alijifungia milimani Maryland kwa siku 13 na Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli, nchi ambazo tangu 1948 zilikuwa zimepigana vita vinne. Baada ya mikutano michache ya mwanzo wawili hao hawakuweza tena kukaa chumba kimoja na kuelewana, kwa hiyo Carter akawa anatembea kutoka kibanda hadi kibanda na rasimu mkononi, akifuta na kuandika upya. Siku ya mwisho Begin alikuwa anataka kuondoka. Carter akampelekea picha za viongozi watatu alizokuwa ameombwa kuzisaini kwa ajili ya wajukuu wa Begin, na kwenye kila picha alikuwa ameandika jina la mjukuu mmoja. Mzee akasoma majina, sauti ikamtetemeka, mazungumzo yakaendelea. Mkataba ulitiwa saini Machi 1979, Israeli ikamaliza kuondoka Sinai mwaka 1982, na majeshi ya nchi hizo mbili hayajapigana tena. Sehemu ya pili ya mapatano, iliyohusu Wapalestina kujitawala, ilibaki kwenye karatasi. Kwa hiyo hata ushindi wake mkubwa kuliko wote ulitoka nusu.

Mfereji wa Panama nao ulikuwa wa namna hiyo ya kulipa kwanza. Seneti iliidhinisha mikataba ya kuurudisha kwa Wapanama kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu zaidi ya zilizohitajika. Makabidhiano yenyewe yalifanyika Desemba 31, 1999, miaka karibu 19 baada ya Carter kurudi kwenye karanga zake.

Iran, sasa. Hapa sioni pa kumtetea sana. Rais aliyejinadi kwa haki za binadamu alikuwa Tehran usiku wa kufunga mwaka 1977, akainua glasi na kuisifu nchi ya Shah, mfalme wa Iran, kuwa kisiwa cha utulivu. Haukupita muda barabara zikawaka, na Januari 1979 Shah akakimbia. Oktoba, kwa shinikizo la marafiki wakubwa wa Shah, Carter akamruhusu kuingia New York kutibiwa saratani, akijua hatari iliyoukabili ubalozi wake. Novemba 4 wanafunzi wa Kiirani wakauvamia. Wamarekani 52 walishikiliwa kwa siku 444, na kila usiku televisheni zilihesabu siku.

Aprili 1980 alituma makomando kuwaokoa. Ndege zao ziliruka kutoka kisiwa cha Masirah, Oman, na helikopta nane kutoka kwenye meli ya kivita. Vumbi la jangwani na hitilafu zikaziacha helikopta tano tu zinazofaa, wakati mpango ulihitaji angalau sita. Operesheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege iliyojaa mafuta. Wanajeshi wanane wakafa. Waziri wa mambo ya nje, Cyrus Vance, aliyekuwa ameupinga mpango huo, akajiuzulu. Mateka walitoka wote wakiwa hai, baada ya mazungumzo ambayo Carter mwenyewe aliyasimamia hadi asubuhi ya mwisho, lakini Iran iliwaachia dakika chache baada ya Reagan kula kiapo.

Afrika Mashariki inamkumbuka Carter kwa kituko kingine. Wasovieti walipoivamia Afghanistan, aliamua kususia Olimpiki ya Moscow, na Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Kutumiwa bondia kuzungumzia jambo la nchi aliona ni dharau. Waandishi wa habari wakambana Ali: Waafrika waliposusia michezo ya 1976 kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali akakiri hakuwa akilijua hilo. Kenya ilisusia, na kizazi chake cha wakimbiaji waliokuwa katika kilele kikakosa Moscow. Tanzania ilikwenda, wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, ambazo mpaka sasa ndizo medali pekee za Olimpiki nchi hiyo imewahi kupata. Wasovieti walikaa Afghanistan hadi 1989.

Kuna udhaifu usioonekana kwenye matukio makubwa. Chama chake cha Democratic kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge, na bado mipango yake mingi ilikwama. Mwaka wa kwanza tu alitangaza kufuta miradi ya mabwawa kwenye majimbo ya wabunge wa chama chake mwenyewe bila kuzungumza nao kwanza. Hoja yake kuhusu fedha ilikuwa na mantiki. Siasa yake ilikuwa mbovu, na wabunge hao wakamlipizia. Alikuja kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 100 za Alaska, lakini sheria hiyo ilipita Desemba 1980, akiwa ameshashindwa.

Wanaompima hukosea pia kwa kuchanganya madaftari. Nobel ya 2002, usimamizi wa chaguzi, vita dhidi ya mnyoo wa Guinea uliokuwa ukisumbua watu kama milioni 3.5 katikati ya miaka ya 1980 na sasa ukabaki kwa wachache mno: yote hayo aliyafanya akiwa raia wa kawaida. Ni maisha ya kupigiwa mfano, ila hayawezi kuongezwa kwenye alama za 1977 hadi 1981.

Na kuna uamuzi mmoja ambao hesabu yake bado haijafungwa. Januari 1980 Carter alitangaza kwamba nguvu yoyote ya nje itakayojaribu kulidhibiti eneo la Ghuba itazuiwa, ikibidi kwa silaha. Mwaka huohuo akafunga mikataba na Oman, Kenya na Somalia ili majeshi ya Marekani yatumie viwanja na bandari zao, Mombasa ikiwemo. Mwaka 1991 Marekani iliingia vitani kuitoa Iraki Kuwait. Kwa wengine Carter alilinda njia ya mafuta ya dunia. Kwa wengine ndiye aliyewafungia Wamarekani mlango wa kutoka Ghuba, na rais aliyejivunia kutoanzisha vita aliwaachia waliomfuata sababu ya kupigana.