Ushindi Mara Tano, Pointi Mbili: Hesabu Iliyo Nyuma ya Viwango vya Kriketi

Kila nikikaa na vijana ninaowafundisha kuandika alama hapa Dar es Salaam, swali hili halikosi: "Mwalimu, timu imeshinda mechi tano mfululizo, mbona haijapanda?" Nalipenda swali hilo, kwa sababu anayeliuliza amekwisha kuona kwamba jedwali la viwango vya ubora si msimamo wa ligi. Kwenye ligi, ushindi ni ushindi. Kwenye jedwali la Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, kinachopimwa ni umemshinda nani.

Tuanze na timu. Hesabu yao ilibuniwa na David Kendix, mtaalamu Mwingereza wa hesabu za bima ambaye naye huandika alama za mechi. Kila timu ina jumla ya pointi na idadi ya mechi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate wastani. Wastani ndio unaopanga timu, kwa hiyo anayecheza mechi nyingi hapati faida kwa wingi huo tu.

Pointi za mechi hutokana na wastani wa timu zote mbili kabla ya mchezo. Kama tofauti yao haifiki 40, mshindi huchukua wastani wa mpinzani na kuongeza 50, na aliyeshindwa huchukua wastani wa mpinzani na kupunguza 50. Wakitoka sare, kila mmoja huchukua wastani wa mwenzake. Tuseme timu moja ina 100 na nyingine 80. Ya kwanza ikishinda, inaandikiwa 130 na ya pili 50. Ya pili ikishinda, inapata 150, na ile yenye 100 inaambulia 30. Jumlisha pointi za matokeo yoyote kati ya hayo: ni 180 daima, sawa na 100 na 80 walizoingia nazo uwanjani. Hakuna pointi inayozaliwa wala inayopotea, zinahama tu.

Ila kanuni hiyo ikiachwa peke yake ina kasoro. Chukua timu yenye 120 inayocheza na yenye 50. Ikishinda ingeandikiwa 50 na 50, yaani 100, pungufu ya wastani wake yenyewe. Ingeshinda ikashuka! Ndiyo maana tofauti ikifika 40 au zaidi, hesabu hubadilika. Hapo kila timu hutumia wastani wake. Mwenye nguvu akishinda anaandikiwa wastani wake na 10 juu, na mnyonge anapunguziwa 10. Mnyonge akishinda anaandikiwa wastani wake na 90 juu, na mwenye nguvu anaandikiwa wastani wake ukiwa umepungua 90. Sare humpa mnyonge 40 za ziada na kumnyima mwenye nguvu 40.

Tazama hizo namba mbili, 10 na 90. Mwenye nguvu akipoteza mara moja mbele ya mnyonge, anafuta ushindi wa mara tisa. Kwangu mimi hapo ndipo hesabu hii inapokuwa ya haki, hasa kwetu Afrika Mashariki. Novemba 2023 mjini Windhoek, Uganda waliifunga Zimbabwe kwa wiketi tano, yaani wakiwa bado na nafasi tano za wapigaji kutolewa, kisha wakafuzu Kombe la Dunia la ova 20, yaani la mechi fupi, la 2024. Zimbabwe ni nchi inayocheza mechi za Testi, zile za siku tano. Siku kama ile haipaswi kuandikwa sawa na kuifunga timu ya kiwango chako.

Kuna jambo la pili linalowachanganya watu: muda. Mechi za zamani hazibaki milele. Jedwali huangalia miaka mitatu hadi minne, na kila Mei mwaka mmoja mzima hutolewa, na mechi za miaka miwili iliyoufuata hubaki na nusu tu ya uzito wake. Mei 2020 dunia nzima ilikuwa imefungiwa na korona, na hakuna aliyekuwa akicheza. Hata hivyo India waliamka wakiwa wa tatu kwenye Testi, wakati walikuwa wameshika nafasi ya kwanza tangu Oktoba 2016. Australia walikuwa na 116, New Zealand 115, India 114. Kilichotolewa kilikuwa msimu wa 2016-17, ambao India walishinda Testi 12 na kupoteza moja tu. Niliona watu wakilalamika kwamba wameonewa. Hawakuonewa. Mavuno yao bora yalikuwa yamefikia umri wa kuondoka ghalani.

Kwa wachezaji mambo ni tofauti kabisa. Mfumo wao ulianza 1987 kwa wazo la Ted Dexter, nahodha wa zamani wa Uingereza, na kipimo ni kuanzia 0 hadi 1000. Ukivuka 900 umekuwa wa nadra. Kwenye Testi, Don Bradman, mpigaji wa Australia, alifika 961, na Mwaustralia mwenzake Steve Smith akamkaribia kwa 947.

Mikimbio, yaani alama anazopata mpigaji, peke yake haitoshi. Programu inayokokotoa viwango huuliza: warushaji uliowakabili ni wa kiwango gani? Wengine walipata mikimbio mingapi kwenye mechi hiyohiyo? Ulibaki bila kutolewa? Timu ilishinda? Mfano ninaoutumia darasani ni Nairobi, tarehe 24 Februari 2003, Kenya walipoifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 kwenye Kombe la Dunia. Kennedy Otieno alipiga 60, mbele ya warushaji mahiri Muttiah Muralitharan na Chaminda Vaas, kwenye mechi ambayo Kenya walipata 210 na Sri Lanka 157. Hiyo 60 ni nzito kuliko 100 nyingi zinazopigwa kwenye uwanja laini ambapo kila mtu anavuna. Collins Obuya naye alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji watano huku akiruhusu mikimbio 24 tu, na wiketi ya mpigaji mkubwa kama Aravinda de Silva huhesabiwa zaidi ya ile ya anayeingia mwisho.

Kila mchezo mpya hupunguza uzito wa ile ya nyuma. Mpigaji mgeni kwenye Testi hapewi thamani yote ya kazi yake mpaka afikishe zamu 40 za kupiga, na anayekosa Testi hupoteza asilimia 1 ya pointi zake. Kwa wanaopiga na kurusha pia, pointi za upande mmoja huzidishwa kwa za upande wa pili, kisha hugawanywa kwa 1000. Mwenye 800 kwa kupiga na 300 kwa kurusha anapata 240. Mwenye 500 kotekote anapata 250, anampita.

Turudi kwa swali la mwanzo, na kijana mmoja aliyeniuliza. Nilimpa timu yenye mechi 30 na wastani wa 100, nikamwambia aishindishe mara tano dhidi ya wapinzani walio chini yake kwa zaidi ya 40, kisha aipoteze moja. Kesho yake alileta daftari. Baada ya ushindi wa tano alikuwa na 101.5, inayoandikwa 102. Baada ya kipigo kimoja, 99.