Kila kitufe ni sheria: dhana potofu kuhusu sehemu ya maoni

Anayejenga jukwaa la wapenda kitu fulani, iwe ndege, kufuma au baiskeli za zamani, huanza kuhangaikia nembo na rangi. Sehemu ya maoni huachwa mwisho na kunakiliwa kokote inakoonekana nzuri. Kumbe hapo ndipo wanachama watakaposhinda kutwa, na umbo la kisanduku hicho ndilo litakaloamua nani anasikika na nani anachoka na kuondoka. Dhana zifuatazo husikika sana kwa wanaoanza kazi hii.

“Majibu lazima yapangwe kwa ngazi, jibu chini ya jibu”

Ngazi husaidia pale watu mia wanapoijadili picha moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua lenzi iliyotumika hatalazimika kupenya ugomvi wa wanaobishana kama yule ni mwewe au kozi. Lakini jukwaa la watu arobaini si Reddit, mtandao wa mijadala wenye mamilioni ya watu. Kwa kundi dogo, ngazi hutawanya maongezi: jibu jipya huzama katikati ya ukurasa, na aliyesoma jana hajui leo aanzie wapi.

Walioitengeneza Discourse, programu ya majukwaa iliyotoka mwaka 2013, waliamua kwa makusudi kuweka mstari mmoja unaoshuka kwa mfuatano wa muda, huku kila jibu likionyesha linamjibu nani. WhatsApp nayo hufanya hivyo hivyo. Unatelezesha ujumbe kwa kidole, unanukuliwa juu ya jibu lako, maongezi yanaendelea kushuka. Watu wetu wengi wamezoea hivyo tayari.

Kisha kuna suala la simu. Kila ngazi husukuma maandishi pembeni, na ukifika ngazi ya sita kila mstari umebaki na maneno mawili matatu. Mimi naona ngazi moja inatosha kabisa: maoni, na majibu yake chini yake. Anayetaka kumjibu aliyejibu, amnukuu.

“Wanachama wapige kura, lililo bora litapanda lenyewe”

Mara nyingi linalopanda ni lililowahi. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la Muchnik, Aral na Taylor, waliochukua maoni mapya kwenye tovuti moja ya habari na, bila kuchagua, wakayapa baadhi kura moja ya kuyaunga mkono mara tu yalipowekwa. Msomaji aliyefuata alielekea zaidi kuongeza ya kwake, kwa asilimia 32, na mwishowe maoni hayo yakawa na alama asilimia 25 juu ya yale yasiyoguswa. Ubora ulikuwa uleule; watu walifuata mkumbo.

Reddit ilijaribu kupunguza upendeleo huu mwaka 2009 kwa kubadili hesabu ya kupanga maoni. Maoni yenye kura 1 nzuri kati ya 1 hayakai tena juu ya yenye 40 kati ya 45, kwa kuwa kura moja ni ushahidi mdogo mno. Hesabu ilirekebishika, lakini mkumbo haukuondoka. Ndiyo maana wasimamizi wa Reddit wamepewa pia uwezo wa kuficha alama kwa saa za mwanzo.

Kwa jukwaa la wapenda kitu, hata hivyo, kuna tatizo kubwa kuliko hesabu: kura moja hubebeshwa maana nyingi mno. Aliyebonyeza dole gumba alicheka, alikubali, au alijifunza? Ravelry, jukwaa la wafumaji lililoanzishwa mwaka 2007, liliweka vitufe sita chini ya kila ujumbe: una elimu, unavutia, unachekesha, nakubali, sikubali, nimeupenda. Mtu anaweza kutokubaliana nawe na papo hapo akakiri kwamba ulichoandika kina elimu. Naona huo ni ustaarabu ambao mitandao mikubwa haijaufikia.

iNaturalist, tovuti ya kurekodi na kutambua viumbe iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikwenda mbali zaidi. Ukimpiga picha kipepeo, anayedai kumtambua haandiki utambuzi wake kama maoni. Kuna sehemu yake maalumu. Rekodi huhesabiwa kuwa imefikia daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliomtambua wanapokubaliana spishi yake, na masharti mengine ya rekodi yakitimia. Utani na pongezi hubaki kwenye maoni. Kwa mpangilio huo, mcheshi apendwaye na wote hawezi kubadili jina la kipepeo kwa umaarufu wake.

“Kura ya chini humtia mtu adabu”

Utafiti wa mwaka 2014 wa Cheng, Danescu-Niculescu-Mizil na Leskovec, uliopitia maoni ya tovuti nne za habari, ulikuta kinyume. Waliopigiwa kura za chini, yaani za kutopendezwa, waliandika zaidi, wakaandika vibaya zaidi, na wakaanza kuwapigia wenzao kura za chini. Ila kwangu jambo la kushika zaidi ni lingine: walioelekea kuondoka kuliko wote ni wale ambao hawakupata itikio lolote, zuri wala baya.

Kwa hiyo, kabla ya kubuni kitufe cha kuadhibu, tengeneza orodha ya mijadala ambayo haijajibiwa na uwawekee wakongwe mahali watakapoiona kila waingiapo. Mgeni aliyeuliza kwa nini mnyanya wake unanyauka akakaa siku tatu bila hata salamu, harudi.

“Majina halisi huondoa matusi”

Korea Kusini ilijaribu kwa sheria. Kuanzia mwaka 2007, tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa anayetoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya mtandao nchini humo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. YouTube nayo iliunganisha maoni yake na akaunti za Google+, mtandao wa kijamii wa Google, mwaka 2013, watumiaji wakaja juu, na kufikia 2015 ikawa imerudi nyuma.

Kinachomzuia mtu ni kuwa na jina analoogopa kulipoteza, hata kama si la kwenye kitambulisho. JamiiForums ipo tangu 2006, wengi humo wanatumia majina ya kubuni, na wapo ambao jina hilo la kubuni limejengewa heshima kwa miaka. Hawataki kulichafua. (Matusi yapo, bila shaka, lakini yapo tele pia Facebook, penye majina kamili na picha za harusi.)

“Jibu la papo kwa papo ndilo zuri”

Hacker News, jukwaa la wapenda teknolojia, hufanya kusudi kuchelewesha kiungo cha kujibu pale ubishi unaposhuka ngazi nyingi. Dakika chache tu, na wengi hasira huwa imepungua.

“Ukianza na sheria, wageni watakimbia”

Mtafiti J. Nathan Matias alilipima hili kwenye jukwaa la sayansi la Reddit, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mijadala iliyochaguliwa kwa bahati nasibu iliwekewa juu tangazo la kanuni na la jinsi zinavyosimamiwa. Wageni waliofuata kanuni waliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wa wageni ukapanda kwa wastani wa asilimia 70. Tangazo lenyewe lilikuwa kichwani mwa mjadala, mbele ya macho ya anayetaka kuandika. Ukurasa wa kanuni uliofichwa chini kabisa, karibu na haki miliki, hauwezi kufanya kazi hiyo.