"Chapeni Noti Tugawane": Swali Lililojibiwa Tangu 1556

Kila sisi wa Benki Kuu tunapofungua banda la elimu ya fedha kwenye maonesho, swali halichelewi: noti mnachapa wenyewe, mbona hamchapi za kututosha wote? Msimu huu limeulizwa kuliko hata lile la noti chakavu. Hatuna shaka na nia njema ya wanaouliza. Ila swali ni kongwe, na waliolijibu walikwisha kufa Adam Smith, anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, hajazaliwa.

Twende Potosí, Bolivia ya leo, yalikogunduliwa madini ya fedha mwaka 1545. Kiswahili kimeturahisishia: fedha ni madini, fedha ni pesa. Shehena zilikwenda Sevilla, Hispania, na utaratibu haukuwa wa mchezo. Sehemu moja ya tano ilikuwa ya mfalme. Kipande kilicholipiwa kiligongwa muhuri, na shehena iliandikishwa katika Casa de Contratación, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1503. Kisicho na muhuri, au kisichoandikishwa, kilitaifishwa. (Sisi tunaoshinda na kanuni tunaipenda sehemu hii kuliko wasomaji wengine.) Magendo hayakukoma.

Fedha ikamiminika, na hadi mwisho wa karne ya 16 bei za Hispania zilikuwa zimepanda mara tatu na ushei. Mwaka 1556 Martín de Azpilcueta, padri aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Salamanca, Hispania, akaeleza kuwa pesa nayo ni kama bidhaa: ikiadimika hupanda thamani, ikizagaa hushuka. Noti nazo ni vivyo hivyo: tukizichapa ovyo, bei hupanda. Ushahidi aliutoa sokoni. Ufaransa, ambako pesa zilikuwa chache kuliko Hispania, mkate, divai, nguo na ujira wa vibarua vilikuwa rahisi zaidi. Copernicus, yule wa sayari, alikuwa ameonya jambo la jinsi hiyo mwaka 1526 kuhusu sarafu za Prussia, eneo la zamani la Ulaya.

Mwaka 1566 ofisa mmoja wa Ufaransa, Malestroit, alidai bei hazikupanda kihalisi, ni sarafu tu zilizopunguzwa madini. Jean Bodin, msomi wa sheria wa huko huko, akamjibu mwaka 1568 kwamba sababu kubwa ni wingi wa dhahabu na fedha. Naam, hata maofisa hukosea.

Tahadhari: ujazo wa fedha, yaani wingi wa pesa kwenye mzunguko, si sababu pekee ya bei kupanda. Ukame na bei ya mafuta vina sehemu yake, na makala hii si tamko la sera. Lakini anayeniambia "chapeni kidogo tu, kwa mwaka huu" hajanisikiliza. Wa noti chakavu aende benki ya biashara iliyo karibu naye. Kuzichana makusudi ni kosa la jinai.